Namna ya Kulielewa na Kulitumia Neno "Set" la Kiingereza

Mtu anayejifunza Kiingereza akikutana na neno "set" kwa mara ya kwanza huambiwa kuwa maana yake ni "weka", na kwa siku kadhaa jibu hilo humtosha. Kisha husoma "the sun sets", akabaki kujiuliza jua linaweka nini na wapi. Hukutana na saruji iliyofanya "set", mwalimu aliyefanya "set" ya mtihani, king'ora kilichofanyiwa "set off" na mtu asiye na hatia aliyefanyiwa "set up", na mwishowe hukata tamaa, akaanza kukariri orodha.

Orodha hiyo haikaririki. Toleo la pili la Oxford English Dictionary, lililotoka mwaka 1989 katika majuzuu 20, liligawanya "set" katika maana zipatazo 430 na kutumia maneno kama 60,000 kuzieleza, ambao ni urefu wa kitabu kizima. Katika utayarishaji wa toleo la tatu, neno "run" ndilo lililoipiku "set", kwa maana 645 za kitenzi peke yake. Hata hivyo, kwa mwanafunzi naona "set" ndilo gumu zaidi, kwa sababu "run" angalau huacha kichwani taswira ya mwendo, ilhali "set" haliachi taswira yoyote mpaka mtu aambiwe lilikotoka. Msemaji wa Kiswahili akishaambiwa, ana nafasi nzuri kuliko wanafunzi wengi wa lugha nyingine, kwa kuwa ufunguo wa neno hili umo katika sarufi anayoitumia kila siku.

Ufunguo wenyewe

Kitenzi "set" kimetokana na "settan" cha Kiingereza cha kale, nacho kilikuwa kauli ya kusababisha ya kitenzi kilichozaa "sit". Kwa lugha ya sarufi yetu, "sit" ni keti na "set" ni ketisha. Zamani Kiingereza kilikuwa na njia hii ya kuunda vitenzi, kisha njia ikafa, ikaacha nyuma jozi chache ambazo wasemaji wake wengi hawazitambui tena kuwa ni jozi. "Lie" na "lay" ni lala na laza. "Fall" na "fell", ile inayotumika kwa kukata mti, ni anguka na angusha. Hata "drench", ambayo leo maana yake ni kulowesha chapachapa, ilianza kama nywesha, ikiwa ndugu wa "drink". Sisi tunaunda vitenzi vya namna hii bila kufikiri. Mwingereza hulazimika kuvikariri kimoja kimoja.

Faida ya kwanza ya kujua hili ni kwamba kosa la kuchanganya "sit" na "set" linakwisha. Anayeketi mwenyewe hutumia "sit", ambayo wakati uliopita huwa "sat". Anayemketisha mwingine, au anayekipa kitu mahali pake, hutumia "set", ambayo haibadiliki. "She sat on the chair" ni yeye aliyeketi. "She set the child on the chair" ni mtoto aliyeketishwa. Katika Kiingereza cha Uingereza tofauti hii huonekana vizuri zaidi katika chumba cha mtihani: mwalimu ndiye "sets the exam", mtahiniwa ndiye "sits the exam". Mmoja ameukalisha, mwingine ameukalia.

Anza kwa kutafuta yambwa

Unapokutana na "set" ikiwa kitenzi, usiitazame yenyewe, tazama kinachoifuata. Ikiwa ina yambwa, yaani kinachotendwa, isome kwanza moyoni kama "ketisha", hata kama Kiswahili chake kitasikika cha ajabu, kisha ujiulize kitu hicho huketishwaje. Kila kitu kina kiti chake, na Kiswahili mara nyingi kina kitenzi maalumu kwa kila kiti, jambo ambalo Kiingereza hakikulihitaji kwa kuwa kilikuwa na neno moja la kubebea mzigo wote.

Mtego hutegwa, na saa ya kuamsha pia hutegwa, maana vyote viwili huwekwa vikingoja kufyatuka. Hapa Kiswahili na Kiingereza vimeona kitu kimoja. Kito hupachikwa kwenye pete. Mfupa uliovunjika huungwa: Kiingereza kinatazama mfupa ukirudishwa kitini pake, sisi tunatazama ncha mbili zikikutana. Herufi za chapa, enzi za kuzichomeka moja moja kwa mkono, zilipangwa, na kwa sababu hiyo hadi leo Kiingereza husema maandishi yamefanyiwa "set" kwa herufi fulani ingawa hakuna herufi ya risasi wala ya mbao iliyoguswa. Mtihani, swali na fumbo hutungwa. Tarehe, bei na masharti hupangwa. Rekodi na mipaka huwekwa, na hapa ndipo "weka" ya siku ya kwanza inapopata haki yake.

Meza inastahili kusimamiwa kidogo. "Set the table" kwa kawaida ni kuandaa meza, lakini Kiswahili kina msemo mwingine wa zamani, kuandika meza, ambao kijana wa leo akiusikia hudhani mtu ameshika kalamu. Kuandika, kabla ya kufungwa na wino na karatasi, kulikuwa na maana ya kupanga vitu kwa safu na taratibu. Sahani mezani na herufi kwenye mstari vilikuwa kazi ya aina moja. Kwa hiyo tunapocheka wingi wa maana za "set", tukumbuke kwamba na sisi tunacho kitenzi kilichotoka mezani kikaingia daftarini.

Kuna mahali ambapo tafsiri ya moja kwa moja imeenea ingawa haifai. "Set an example" husikika mara nyingi ikigeuzwa kuwa "kuweka mfano", kana kwamba mfano ni kikapu. Kuonyesha mfano, au kuwa mfano, ni Kiswahili kilichonyooka zaidi. Vilevile "set sail", kwa asili, ni kutweka tanga; lakini Kiingereza huitumia hata kwa meli ya chuma isiyo na tanga lolote, na hapo tafsiri bora ni kung'oa nanga. Katika maelezo ya fasihi, sentensi kama "the story is set in Cairo" haina mtu anayeweka chochote: hadithi imeketishwa Cairo, yaani mandhari yake ni Cairo, au matukio yake yanatokea huko.

Aina nyingine ya yambwa hufuatwa na neno la hali: "set the prisoner free", "set the house on fire", "set things right". Mfumo wake ni ketisha fulani katika hali fulani, na Kiswahili hakihitaji kitenzi cha kuketisha hapa hata kidogo. Hali yenyewe hugeuzwa kuwa kitenzi au huchukua kitenzi chake cha mazoea: mfungwa huachiliwa huru, nyumba hutiwa moto, mambo hurekebishwa. Anayeng'ang'ania kutafsiri "set" katika sentensi za aina hii ndiye anayeandika Kiswahili kinachochechemea.

Kuchagua kisawe

Visawe vya "set" katika Kiingereza huorodheshwa pamoja kana kwamba mtu anaweza kufumba macho na kuchukua chochote: "put", "place", "lay", "fix", "establish", "arrange", "adjust". Kila kimoja, kwa kweli, kinaweza kuishika nafasi ya "set" katika kona moja tu ya matumizi yake, na njia ya kukijaribu ni kukiingiza katika sentensi ileile na kuona kama sentensi inasimama.

Chukua "she set the glass on the table". "Put" inaingia bila tatizo, nayo ni ya kila siku, haisemi lolote kuhusu namna bilauri ilivyowekwa. "Place" inaingia pia, ikileta uangalifu na urasmi. "Set" yenyewe iko katikati: inaashiria kwamba kitu kimepewa mahali ambapo kimekusudiwa kukaa. "Lay" inakataa, kwa sababu hiyo ni laza, na bilauri husimama. Zulia, matofali na mtoto mchanga ndivyo vinavyolazwa. Sasa badilisha yambwa, uweke tarehe badala ya bilauri. "Put" inakufa papo hapo, "place" nayo inakufa, na "fix" ambayo haikuwa na kazi kwenye bilauri inakuwa kisawe kizuri kabisa. Kwa hiyo swali la "ni kisawe gani cha set?" halina jibu mpaka yambwa itajwe.

Hata pale kisawe kinapoingia, tazama kinakuja na nini. "Set a price" na "fix a price" zinaweza kusimama mahali pamoja, lakini "price fixing" ni jina la kosa, yaani wauzaji wanaopaswa kushindana kukubaliana bei kwa siri, na mwandishi wa taarifa ya biashara anayetaka tu kusema kampuni imepanga bei atakuwa salama zaidi akibaki na "set". "Adjust" hufaa kwa mitambo na saa, ila inadokeza kuwa kitu kilikwisha kuwekwa na sasa kinasogezwa kidogo. Mtu anayeiwekea saa mpya majira yake kwa mara ya kwanza hafanyi "adjust". "Establish" ni nzito, nayo hupenda taasisi, kanuni na ukweli uliothibitishwa. Kwa taasisi, "found" ni nzito zaidi, na huwa na heshima ya mwasisi ndani yake.

Pale ambapo hakuna yambwa

Ikiwa hakuna kitu kinachowekwa, "set" mara nyingi imerudi kwenye kuketi kwenyewe. Jua ndilo mfano maarufu. Kiingereza cha kale kiliita machweo "setlgang", na "setl" ilikuwa kiti: jua lilikwenda kitini. Kiswahili kina kuchwa na kuzama, lakini kitenzi kinachoukaribia zaidi wazo hilo ni kutua, ambacho ni cha ndege anayefika tawini na cha mchukuzi anayeshusha mzigo. Ukilikumbuka jua linalotua, hutajiuliza tena linaweka nini. Kisawe chake katika Kiingereza ni "go down" katika mazungumzo, na "sink" mwandishi anapotaka kuonyesha ule mzamo wa polepole.

Kuku naye, katika lahaja kadhaa za Kiingereza, hufanya "set" juu ya mayai, yaani huatamia, na hapo hata wenyewe hubishana kama ni "set" au "sit".

Saruji, gundi na vyakula vinavyoganda vina maana yao ya peke yake. Kitu kilichokuwa majimaji kimekaa, hakitikisiki tena. Kiswahili husema kimeganda, na kitenzi hicho chetu kimoja kinabeba pia barafu, damu na mafuta, ambavyo Kiingereza huvipa maneno tofauti: maji hufanya "freeze", damu hufanya "clot" au "coagulate", mafuta yanayopoa hufanya "congeal". "Solidify" ni la jumla, la darasa la sayansi. Mhandisi ataongeza tofauti nyingine ambayo mtafsiri asipoijua ataharibu kazi. Kwa saruji, "setting" ni hatua ya saa chache za mwanzo, zege linapopoteza ulaini wake na kushika umbo. "Hardening" ni kukomaa na kupata nguvu, jambo linaloendelea kwa majuma, na ndiyo maana nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida likiwa na umri wa siku 28. Kuandika "imekuwa ngumu" kwa zote mbili ni kumwambia fundi kwamba anaweza kupakia mzigo juu ya zege la jana.

Neno dogo linalofuata

Wanafunzi wengi huogopa zaidi "set" inapoandamana na neno dogo kama "up", "off" au "aside". Hapa mbinu ya ketisha hufanya kazi kwa sehemu tu, na ni haki kulikiri hilo. "Set aside" ni rahisi, kwa kuwa ni ketisha kando: fedha au muda hutengwa. Lakini mahakama inapofanya "set aside" ya uamuzi wa mahakama ya chini, haiutengi, inautengua. Herufi moja imeongezeka na maana imegeuka, kwa hiyo katika nyaraka za kisheria jambo hili si la kupitiwa harakaharaka. Kisawe cha maana ya kwanza ni "reserve", na cha pili ni "annul" au "overturn".

"Set up" ni ketisha wima, yaani simamisha, na kutoka hapo tunapata kusimika hema, kuanzisha kampuni na kuandaa mkutano. Maana ya mitaani, ya kumwekea mtu mazingira ili aonekane mkosaji, ina kitenzi cha Kiswahili kinachoitoshea kama ganda na punje: kumbambikia. Kisawe chake cha Kiingereza ni "frame". "Set off" ni kutoka mahali ulipokuwa umekaa, hivyo ni kuondoka. Lakini ikipata yambwa hugeuka kuwa kufyatua kilichokuwa kimetegwa, na ndipo bomu hulipuliwa na king'ora kuamshwa. "Set out" ni kufunga safari, au, mbele ya nia, kukusudia kufanya jambo, au, mbele ya hoja na vitu, kuvipanga waziwazi ili vionekane.

"Set in" husemwa kwa mambo yasiyopendeza ambayo yamefika na hayana haraka ya kuondoka, kama mvua, baridi, maambukizi au kukata tamaa. Kiswahili chake kizuri ni kuota mizizi au kuanza kukita. Sherehe haiwezi kufanya "set in". "Set back" ni kurudisha nyuma, na nomino yake, inayoandikwa kama neno moja, ni pigo au kikwazo. "Set upon" ni kushambulia. Nyingine zote utazikuta katika kamusi, ila zitazame zikiwa ndani ya sentensi, maana zikiwa peke yake hazisemi kitu.

Kivumishi na nomino

Ikiwa kivumishi, "set" ni ile iliyokwisha kuketishwa na haisogei: saa maalumu, orodha isiyobadilika, mtu aliyezoea njia zake na hataki nyingine. "All set" ni tayari. Visawe vyake ni "fixed" kwa mambo ya utaratibu, "rigid" kwa lawama, na "ready" kwa ile maana ya utayari.

Nomino inahitaji tahadhari moja kubwa, kwa sababu si mtoto wa ketisha. "Set" yenye maana ya kundi la vitu vinavyokwenda pamoja iliingia kutoka Kifaransa cha kale, "sette", ambacho asili yake ni "secta" ya Kilatini, yaani wafuasi au kundi linalofuata jambo moja. Maneno mawili yasiyo na undugu yalifanana kwa sauti, yakaazimana maana, na kamusi sasa zinayaeleza karibu karibu. Kiswahili kimelichukua hili la pili kama lilivyo, seti, na tunalitumia katika hisabati, katika tenisi na kwa vyombo.

Sifa ya seti ni ukamilifu: ikipungua kimoja, imevunjika. Sataranji iliyokosa farasi mmoja ni seti pungufu, na hakuna atakayesema ni sawa tu. Hiyo ndiyo inayoitofautisha na visawe vyake. "Collection" ni mkusanyiko, ambao unaweza kuendelea kukua bila kukamilika. "Series" ni mfululizo, ambamo mpangilio wa nani anamtangulia nani ni muhimu. "Batch" ni vilivyotengenezwa kwa mkupuo mmoja. "Group" ni kundi, na haliahidi chochote. Katika hisabati seti ina kanuni zake: mpangilio wa memba hauna maana, na memba akitajwa mara mbili huhesabiwa mara moja. Katika tenisi, ni sehemu ya mchezo ambayo mchezaji huipata akishinda gemu zisizopungua sita na kumzidi mpinzani kwa mbili, isipokuwa pale gemu ya kuvunja sare inapoamua.

Mfano mmoja wa kufanyia kazi

Tuchukue sentensi iliyotungwa kwa makusudi ya kuchosha: "Once the date was set, Anna set aside a set of chairs, set out the plates and set off for home before the sun set." Zimo sita. Ya kwanza imetanguliwa na "was", kwa hiyo ni kauli ya kutendwa, na aliyeketishwa ni tarehe. Ya pili ina "aside" na yambwa ni viti, hakuna mahakama karibu, basi ni kutenga. Ya tatu imetanguliwa na "a", ni nomino, ni seti. Ya nne ina "out" na sahani, si safari wala nia, hivyo ni kupanga. Ya tano ina "off" bila yambwa, ni kuondoka. Ingekuwa na yambwa, tungetazama kama kuna kitu kinacholipuka. Ya sita haina kinachofuata, na mtenda ni jua. Wakati wake pia unajulikana, ingawa "set" ni ileile kwa wakati uliopo na uliopita: jua ni nafsi ya tatu umoja, na ingekuwa wakati uliopo tungeona "sets".

Tafsiri yangu ni hii: "Tarehe ilipokwisha kuwekwa, Anna alitenga seti ya viti, akapanga sahani, kisha akafunga safari ya kurudi nyumbani kabla jua halijatua." Nilitaka kuandika kwamba tarehe ilipangwa, kama nilivyoelekeza hapo juu, lakini sahani zilikuwa zimekwisha kulichukua neno hilo.